Kioo hakijafa: kwa nini maandishi huwa na ukungu na programu hupotea ukiunganisha kompyuta na kioo cha pili

Mama mmoja msikilizaji wetu wa Kilosa ana steshenari karibu na stendi. Anachapa mitihani ya majaribio ya shule za msingi, barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi. Laptopu yake ni ya inchi 14, na macho yake, kama anavyosema mwenyewe, si ya ujana tena. Akajinyima, akapanda basi mpaka Dar es Salaam, akaenda Kariakoo na kurudi na monita ya mtumba ya inchi 24.

Alipoiunganisha nyumbani, moyo ulimwenda mbio. Herufi zilikuwa zimevimba na zina ukungu. Muhuri wa shule, ambao ni duara, ulionekana kama yai. Fundi wa jirani akaangalia, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, umepigwa. Kioo kimekufa hiki."

Siku ya pili mama alikuwa kwenye basi tena, monita mapajani. Dukani kijana aliyemuuzia alimpokea vizuri: "Shikamoo mama, karibu tena." Akaichukua monita, akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani kwa waya wa dukani. Picha ikatoka safi kabisa. Mama akabaki hana la kusema. Nauli ya kwenda na kurudi imekwenda, siku mbili za kazi zimekwenda, na alipofika Kilosa na kuichomeka tena, ukungu ulikuwa palepale.

Alitupigia simu kwenye kipindi akiuliza kama kuna vioo vinavyokataa umeme wa mkoani. Hakuna. Swali lake ni zuri hata hivyo, na tangu siku ile tumepata mengine mengi yanayofanana nalo: mwalimu mwenye projekta, kijana mwenye kibanda umiza, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katika makala hii tunaeleza kinachotokea, ili usitupe kitu kizima wala usirudi Dar bure.

Kioo ni shamba la nukta

Ukisogeza jicho karibu sana na kioo cha televisheni utaona kimeundwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi, zilizopangwa kwa mistari kama mahindi shambani. Idadi ya nukta hizo imewekwa kiwandani na haibadiliki. Monita ya mama yule ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla 2,073,600. Laptopu nyingi za bei nafuu zina 1366 kwa 768, kama milioni moja na kidogo. Monita za zamani za inchi 17, zile zenye umbo la karibu mraba, kwa kawaida zina 1280 kwa 1024.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni msongamano, yaani nukta ngapi zimeingia katika inchi moja. Televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1366 kwa 768 ina nukta kama 49 tu katika inchi moja. Monita ya inchi 24 ya mama ina kama 92. Laptopu yake ya inchi 14, ambayo nayo ina 1920 kwa 1080, ina kama 157. Na simu unayosomea makala hii, kama ni ya inchi 6.5 yenye nukta 720 kwa 1600, ina kama 270.

Sasa chukua programu ya zamani iliyoambiwa na aliyeitengeneza: chora herufi yenye urefu wa nukta 16. Kwenye televisheni ile herufi itakuwa na urefu wa milimita 8 hivi. Kwenye monita ya inchi 24 itakuwa milimita 4 na kidogo. Kwenye laptopu ya mama itakuwa milimita 2 na nusu. Herufi ni ileile na programu ni ileile, lakini kwenye kioo kimoja unaisoma ukiwa mlangoni, na kwenye kingine unatafuta miwani.

Kwa sababu hiyo kompyuta hukuza vitu. Laptopu yenye nukta zilizosongamana huwekwa ukuzaji wa asilimia 125 au 150, na monita ya kawaida hubaki asilimia 100. Ukiwa na kioo kimoja huoni tatizo. Matatizo huanza pale kompyuta moja inapotakiwa kuhudumia vioo viwili visivyolingana kwa wakati mmoja.

Kwa nini Kariakoo inahusika

Ukipita maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, au ukivuka kwenda maduka ya kompyuta upande wa Posta, utakuta vizazi vitatu vya vioo vimekaa rafu moja. Kuna vya zamani vyenye tundu la bluu la VGA, teknolojia iliyoanza mwaka 1987. Kuna vya katikati vyenye DVI, iliyotoka 1999. Kuna vya sasa vyenye HDMI, iliyoanza mwishoni mwa 2002, au DisplayPort. Vingi vimekuja kwenye makontena kutoka ofisi za nje ya nchi, vimetumika miaka kadhaa, na bado ni vizima.

Mtu wa mkoani hununua kulingana na mfuko: monita ya kizazi kimoja, laptopu ya kizazi kingine, waya wa kizazi cha tatu. Kila kimoja peke yake ni kizima. Vikikutanishwa ndipo vinashindwa kuelewana.

Ugonjwa wa kwanza: waya usiojua kutambulisha

Tangu mwaka 1994 monita zina utaratibu wa kujitambulisha. Ukiichomeka, inaitumia kompyuta taarifa fupi kupitia waya: mimi ni wa aina fulani, nukta zangu ni hizi. Kompyuta ikishasoma inatuma picha ya kipimo hichohicho.

Taarifa hiyo ina pini zake ndani ya waya. Baadhi ya waya za VGA za bei rahisi hazina pini hizo, au zimekatika kwa kukunjwakunjwa. Picha inapita, utambulisho haupiti. Kompyuta isipopata jina inakisia, na mara nyingi inachagua kipimo cha tahadhari cha 1024 kwa 768. Monita yenye nukta 1920 inalazimika kuinyoosha picha hiyo ijaze kioo kizima. Upana unavutwa karibu mara mbili, urefu unavutwa mara moja na nusu hivi. Duara linakuwa yai, na herufi zinapata ukungu.

Hicho ndicho kilichompata mama wa Kilosa. Monita aliuziwa bila waya wa picha, akatumia waya wa zamani aliokuwa nao nyumbani. Dukani walitumia wa kwao. Alipobadilisha waya, muhuri ulirudi kuwa duara.

Kuna kipimo rahisi cha kufanya kabla ya kupanda basi. Bonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye monita yenyewe, kile cha kuongeza mwanga. Maandishi ya menyu hiyo huchorwa na monita, siyo na kompyuta. Yakitoka makali na safi huku maandishi ya kompyuta yana ukungu, kioo ni kizima. Tafuta kosa kwenye waya au kwenye mipangilio. Lakini kama kuna mstari au doa jeusi linalopita hata juu ya menyu hiyo, hapo kweli kioo kina ugonjwa.

Ugonjwa wa pili: programu iliyouliza mara moja tu

Hadithi ya mama haikuishia kwenye waya. Karibu kila kitu kilitoka safi, isipokuwa programu yake moja ya zamani ya kutengenezea kadi. Ikiwa kwenye laptopu iko safi. Akiiburuta kwenda kwenye monita, inapata ukungu.

Programu inapofunguliwa huiuliza kompyuta: hapa tunakuza kiasi gani? Programu za kisasa huuliza tena kila zinapohamishwa kioo. Za zamani huuliza mara moja tu, na jibu wanalopewa ni la kioo kikuu. Programu ya mama iliambiwa asilimia 150, kwa kuwa kioo kikuu kilikuwa laptopu. Ikajichora kwa kipimo hicho. Ilipoburutwa kwenda kwenye monita ya asilimia 100, Windows ikaichukua kama picha iliyokwisha kupigwa na kuipunguza. Picha ikipunguzwa au ikikuzwa namna hiyo inapoteza makali, kama ile picha ya mtoto unayoivuta kwa vidole kwenye simu.

Kwa miaka mingi watengenezaji wa programu walichukulia kwamba kila kioo kina nukta 96 kwa inchi. Windows Vista, iliyoingia sokoni 2007, ilianza kuzinyoosha programu za namna hiyo kama picha. Windows 8.1 ya mwaka 2013 ndiyo ya kwanza kuruhusu kila kioo kiwe na ukuzaji wake, na mwaka 2017 Windows 10 ikaboresha zaidi utaratibu huo. Kwa hiyo ukiwa bado unatumia Windows 7, ukuzaji ni mmoja kwa vioo vyote, na ukiweka unaofaa laptopu, monita itaumia.

Maneno ya kwenye kompyuta nyingi ni ya Kiingereza, kwa hiyo tunayaandika kama utakavyoyaona. Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye kioo, chagua "Display settings". Bofya namba ya kioo unachofanyia kazi zaidi, kisha weka alama kwenye "Make this my main display". Halafu toka kwenye akaunti yako ya kompyuta na uingie tena, kwa sababu programu za zamani hazipati jibu jipya mpaka ufanye hivyo. Mama alifanya monita iwe kioo kikuu, na kadi zake zikatoka safi pale anapozitazama.

Ikishindikana, bofya kulia alama ya programu yenyewe, ingia "Properties", kisha "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Chini kabisa kuna sehemu ya kuamua nani akuze, programu yenyewe au Windows. Jaribu moja, funga programu, ifungue tena uone. Huwezi kuharibu kitu hapo, na ukikosea unarudisha ilivyokuwa.

Ugonjwa wa tatu: dirisha lililopotea hewani

Huu tunaujua vizuri, maana umetuaibisha wenyewe. Studio yetu ina kompyuta moja yenye vioo viwili. Kushoto tunasoma ujumbe wa wasikilizaji, kulia inakaa programu inayopanga nyimbo na matangazo. Asubuhi moja kioo cha kulia kilizimika ghafla na hakikuwaka tena. Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho, na kitufe cha kuweka unaofuata kilikuwa kwenye kioo kilichokufa. Tukaifunga programu na kuifungua tena. Haikuonekana. Wimbo ukaisha, na hewani kukawa kimya. Kabla hatujapata akili ya kuwasha maikrofoni, wasikilizaji walishaanza kutuma ujumbe kuuliza kama umeme umekatika Morogoro.

Kompyuta inavipanga vioo viwili kama uwanja mmoja mrefu. Kioo cha kwanza kinaanzia sifuri mpaka nukta ya 1920, cha pili kinaendelea kuanzia 1920. Ukikiweka cha pili kushoto, kinapewa namba hasi. Programu nyingi hukumbuka mahali zilipofungwa, na zikifunguliwa hurudi palepale. Kioo chetu kilizimika lakini waya wake ulibaki umechomekwa, kwa hiyo kompyuta iliamini bado kipo. Programu ilikuwa imefunguka vizuri kabisa, mahali ambapo hakuna jicho la kuiona.

Dawa ziko nne, na tumezibandika ukutani studio:

Ya kwanza, chomoa waya wa kioo kilichozimika. Mara nyingi kompyuta itahamisha kila kitu kwenye kioo kilichobaki.

Ya pili, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, uchague "PC screen only".

Ya tatu, bofya alama ya programu pale chini ili iwe ndiyo iliyochaguliwa, kisha shika Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia kwa pamoja. Dirisha litaruka kutoka kioo kimoja kwenda kingine.

Ya nne, kwa kompyuta za zamani: shika Alt na kitufe kirefu cha nafasi, bonyeza M, kisha bonyeza mshale mmoja wa kibodi. Ukisogeza mausi baada ya hapo, dirisha linafuata.

Kama mausi inagoma kupita kutoka kioo kimoja kwenda kingine, au inarukia juu au chini, rudi kwenye "Display settings". Utaona vioo vimechorwa kama visanduku vyenye namba. Vivute vikae kama vilivyo mezani kwako. Kioo chenye nukta nyingi huchorwa kirefu kuliko kingine, na pale kisichokutana na mwenzake mausi hugonga ukuta.

Televisheni na projekta

Kwa wenye vibanda umiza na wenye kumbi: ukiunganisha laptopu na televisheni na kingo za picha zikakatika, kiasi kwamba huoni saa ya kompyuta pale chini, kompyuta yako ni nzima. Televisheni nyingi zina desturi ya zamani ya kuikuza picha kidogo na kukata pembeni. Chukua rimoti, ingia sehemu ya ukubwa wa picha, tafuta chaguo kama "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1".

Kwa walimu na viongozi wa dini wenye projekta: ukichagua "Duplicate", yaani vioo vyote vionyeshe kitu kilekile, kompyuta hutafuta kipimo ambacho vyote viwili vinakiweza. Projekta ya 1024 kwa 768 itaishusha laptopu yako nayo. Ukichagua "Extend", kila kioo kinabaki na kipimo chake.

Hapa tuna onyo la fedha. Kuna projekta ndogo za bei rahisi ambazo boksi lake limeandikwa "1080P supported". Maana yake ni kwamba inaweza kupokea picha ya kipimo hicho. Haimaanishi kwamba inaweza kuionyesha. Ndani yake inaweza kuwa na nukta 800 kwa 480 tu, au hata 320 kwa 240. Kwa katuni za watoto itatosha. Kwa somo la hesabu darasani, mwanafunzi wa nyuma hatasoma kitu. Muulize muuzaji neno moja: "native" ni ngapi? Asipojibu, geuza boksi uisome mwenyewe, na kama haikuandikwa, fungua maandishi madogo ukiwa palepale dukani na usimame hatua kumi nyuma.

Na kwa wenye simu: si kila simu yenye tundu la Type-C inatoa picha. Nyingi za bei nafuu hutoa chaji na mafaili tu. Kiunganishi cha kwenda HDMI utakachonunua hakitafanya kazi, na kosa halitakuwa la kiunganishi. Kijaribu na simu yako kabla hujatoa pesa.

Kabla hujatoka Kariakoo

Beba laptopu yako na waya utakaoutumia nyumbani. Mwambie muuzaji: "Kaka, naomba niiwashe na ya kwangu." Muuzaji mwema hatakasirika, maana kumkwepesha mteja na safari ya kurudi ni faida yake pia. Fungua maandishi, usiangalie picha ya maua peke yake. Chora duara uone kama ni duara. Fungua menyu ya monita. Kama laptopu ina HDMI na monita ina VGA tu, nunua kigeuzi chenye umeme ndani yake, kwani waya mtupu wa HDMI kwenda VGA hautoshi. Kisha dai risiti ya EFD. Sheria inakutaka uidai, na siku ya mabishano ndiyo shahidi wako.

Ukifika nyumbani picha ikakataa, piga picha ya kioo kwa kompyuta yenyewe, yaani "screenshot", uitume kwenye simu yako. Mstari au kasoro ikionekana hata kwenye simu, kosa liko kwenye kompyuta au programu zake, na hata ukibadilisha monita kumi litabaki. Isipoonekana kwenye simu, kagua waya, kipimo cha nukta, halafu kioo, kwa mpangilio huo.

Mama wa Kilosa sasa anachapa mitihani kwenye monita yake ya inchi 24. Waya ulimgharimu kidogo sana kuliko ile nauli. Alituambia kwamba fundi wa jirani alipita juzi, akatazama kile kioo alichokitangaza kuwa kimefariki, akauliza kama anaweza kuazima waya.